Percy Williams Bridgman

Percy Williams Bridgman (21 Aprili 1882 – 20 Agosti 1961) alikuwa mwanafizikia kutoka nchi ya Marekani. Anajulikana hasa kwa uchunguzi wake wa mata chini ya shinikizo (kanieneo) kubwa sana. Mwaka 1946 alipokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Maisha

Bridgman alizaliwa mjini Cambridge, Massachusetts. Mwaka 1900 alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1908, akafundisha huko hadi mwaka 1954. Mwaka 1939 alifunga maabara yake kwa wanasayansi waliotoka nchi za kidikteta, asitake kazi yake izinufaishe serikali hizo. Katika uzee wake aliugua saratani isiyotibika, akajiua huko Randolph, New Hampshire.

Kazi

Watafiti waliomtangulia walikwama kwenye shinikizo la takriban mara 3,000 ya lile la angahewa, kwa kuwa mitambo yao ilivuja. Bridgman alibuni kizibo kinachojikaza zaidi kadiri shinikizo linavyoongezeka. Hatimaye alipita mara 100,000.

Mwaka 1914 alieleza kwamba ute wa yai uliobanwa kwa takriban mara 7,000 uliganda kama wa yai lililochemshwa, ingawa haukupashwa moto. Hivyo alionyesha kuwa shinikizo peke yake linaweza kubadilisha umbo la protini.

Matumizi katika chakula

Bridgman hakuwa akitafuta njia ya kuhifadhi chakula. Mmarekani mwingine, Bert Hite, alikuwa amejaribu kubana maziwa tangu mwaka 1899, na baadaye matunda. Hata hivyo, jaribio la yai husaidia kueleza kwa nini njia hiyo hufaulu: shinikizo huharibu protini na utando wa seli za hamira zinazochachusha juisi, lakini haligusi sana vitamini na ladha.

Hamira nyingi hufa kwa dakika chache kwenye megapaskali 300 hadi 400. Spora za bakteria hustahimili zaidi. Kwa hiyo njia hii hufaa hasa vyakula vichachu, na bidhaa nyingi huwekwa kwenye jokofu. Jemu zilizotengenezwa hivyo zilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1990, miaka 29 baada ya kifo cha Bridgman.