Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyeipa huzuni isiyo na sababu nafasi katika tiba

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mwanachuoni wa mji wa Balkh, ulioko kaskazini mwa Afghanistan ya leo, alitunga kitabu kilichoweka afya ya nafsi bega kwa bega na afya ya mwili. Alikuwa Abu Zayd Ahmad ibn Sahl al-Balkhi. Wanajiografia wanamkumbuka kwa ramani zake, na wanahistoria wa tiba kwa yale aliyoyaandika juu ya huzuni.

Al-Balkhi alizaliwa yapata mwaka 850 katika kijiji cha Shamistiyan, karibu na Balkh. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto, na yeye mwenyewe aliishika kazi hiyo kwa muda. Akiwa kijana alifuatana na msafara wa mahujaji hadi Iraq, akakaa huko kwa takriban miaka 8. Huko alisoma kwa mwanafalsafa al-Kindi, akachota falsafa, tiba na elimu ya nyota, kisha akarejea kwao.

Waliomwandika wanamweleza kuwa mtu mkimya na mwenye haya, uso wake ukiwa na alama za ndui. Vyeo havikumvuta. Mtawala aliyeushika mji wa Balkh alipotaka kumfanya waziri, alikataa, akaridhika na kazi ya ukatibu. Inasimuliwa pia kwamba aliitwa Bukhara na mtawala wa Khurasan. Alipofika ukingoni mwa mto Jayhun, unaojulikana leo kama Amu Darya, akayaona mawimbi yake, alirudi nyuma. Alimwandikia mtawala kwamba ikiwa ameitwa kwa ajili ya busara zake, basi busara hizo hizo ndizo zinazomkataza kuvuka.

Katika jiografia aliacha njia ya uchoraji ramani iliyofuatwa na al-Istakhri na Ibn Hawqal. Ramani za wafuasi hao zinaonyesha hata nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Alitunga makumi ya vitabu, lakini vingi vimepotea. Kilichosalia kuhusu tiba kinaitwa Masalih al-Abdan wa al-Anfus, maana yake maslahi ya miili na nafsi.

Kitabu hicho kina sehemu mbili. Ya kwanza inazungumzia mambo ya kila siku yanayoujenga mwili: makazi, hewa, maji, mavazi, chakula, usingizi, kuoga, kukandwa, mazoezi na hata kusikiliza sauti nzuri. Ya pili ni ya nafsi. Al-Balkhi aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuishughulikia nusu moja ya mgonjwa na kuisahau nyingine. Kwake, mwili ukiugua nafsi hukosa raha, na nafsi ikisononeka mwili hukosa ladha ya chakula na usingizi.

Msomaji wa Kiswahili hatahitaji kamusi ili ayatambue maradhi ya nafsi aliyoyataja. Ni ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi. Maneno yote manne yameingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lugha aliyoiandikia.

Mchango wake mkubwa ulikuwa kuigawa huzuni mara mbili. Kuna huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Kuna pia huzuni inayomshika mtu asiyeweza kueleza analilia nini. Hiyo ya pili aliihusisha na mwili, akidhani chanzo chake ni damu iliyochafuka. Alishauri damu itakaswe, na mgonjwa apewe mazungumzo mema na burudani za kumchangamsha.

Nadharia yake ya damu haikudumu. Hata hivyo, uamuzi wa kuitazama huzuni hiyo kama jambo la mwili ulikuwa na uzito. Mtu asiyejua kwa nini ana huzuni aliondolewa lawama ya uvivu au udhaifu, akapewa nafasi ya mgonjwa anayestahili kutibiwa.

Kwa hofu na ghadhabu, al-Balkhi alitumia mfano wa dawa ya akiba. Mtu mwenye busara huweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Vivyo hivyo aandae fikra njema wakati wa utulivu, azitumie dhoruba inapomjia. Alimtaja pia Bedui anayeona ukungu kwa mara ya kwanza. Kwa mbali huudhani ukuta usiopenyeka, lakini akiingia ndani hukuta ni hewa yenye unyevu tu. Mwenye wasiwasi alimshauri aepuke upweke na kukaa bila shughuli.

Al-Balkhi alifariki dunia mwaka 934. Nakala za kitabu chake zilihifadhiwa Istanbul, Uturuki, na mwaka 1984 kilichapishwa Frankfurt, Ujerumani, kwa picha za maandishi ya mkono. Mwaka 2013 mwanasaikolojia wa Sudan, Malik Badri, alitoa tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya nafsi.

Sayansi ya leo inazungumza kwa lugha nyingine. Mwaka 1948 watafiti wa Cleveland, Marekani, walitenga katika majimaji ya damu kemikali waliyoiita serotonini. Miaka michache baadaye iligunduliwa pia katika ubongo, ambako husaidia kupeleka taarifa baina ya seli za neva. Pamoja na dopamini na nyinginezo, ina sehemu katika hisia, usingizi na hamu ya kula. Lakini sonona haielezwi na upungufu wa kemikali moja pekee, wala serotonini iliyomo katika damu haivuki kuingia kwenye ubongo.

Mazoea aliyoyasifu yamethibitika kuwa na faida. Mazoezi hupunguza dalili za sonona kwa wengi, mwanga wa asubuhi huisaidia saa ya mwili kwenda sawa, na usingizi wa kutosha huituliza akili. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na kutembea kwa haraka kunatosha.

Mazoea hayo hayachukui nafasi ya tabibu. Huzuni inayodumu zaidi ya wiki mbili, inayomnyima mtu kazi na usingizi, au inayomletea fikra za kujidhuru, inahitaji kupelekwa hospitali bila kuchelewa. Al-Balkhi mwenyewe hakuiachia huzuni isiyo na sababu ipite yenyewe: aliiandikia tiba.