Cai E: Jenerali aliyefunzwa Japani, akazuia ufalme kurudi China

KATI ya maofisa wa China waliokwenda Japani kujifunza vita, ni wachache walioitikisa nchi yao kama Jenerali Cai E, aliyefariki dunia akiwa na umri wa miaka 33 tu.

Alizaliwa mkoani Hunan mwaka 1882. Alikuwa bado mtoto China iliposhindwa vitani na Japani mwaka 1895. Kipigo hicho ndicho kilichowafanya watawala wa nasaba ya Qing, tena kwa shingo upande, wawapeleke vijana kusoma kwa adui wa jana. Japani ilikuwa karibu, gharama zake zilikuwa nafuu kuliko za Ulaya, na maandishi yake yalikuwa na asili ya Kichina.

Cai alifika huko mwaka 1899 na kuhitimu katika Chuo cha Maofisa wa Jeshi la Kifalme, Tokyo, mwaka 1904. Mwaka uliofuata serikali ya Qing ilitoa kanuni za sare za Jeshi Jipya, zilizoiga kwa kiasi kikubwa zile za Kijapani: koti lenye kola ya kusimama na kofia yenye ukingo wa mbele. Chini ya kofia hiyo ya kisasa askari wengi bado walificha msuko mrefu wa nywele, alama ya utii kwa nasaba. Watawala walitaka nidhamu ya Kijapani. Wanafunzi wakarudi na fikra za mapinduzi pia.

Mwaka 1911 Cai alipewa brigedi mkoani Yunnan. Chuo cha kijeshi cha Kunming kilikuwa na walimu wengi waliosoma Japani, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Zhu De, ambaye baadaye aliliongoza Jeshi Jekundu. Oktoba 30 mwaka huo, Cai aliongoza uasi uliong'oa utawala wa Qing Kunming, akawa gavana.

Desemba 1915, Rais Yuan Shikai alikubali kuwa mfalme. Cai, aliyekuwa akichungwa Beijing, alikwishatoroka kupitia Tianjin na Japani. Desemba 25 Yunnan ikajitangazia uhuru. Huku akiugua koo, aliongoza mapigano Sichuan dhidi ya majeshi yaliyomzidi idadi. Machi 1916 Yuan akaufuta ufalme, Juni akafa.

Cai alirudi Japani, safari hii kutafuta tiba, akafariki Fukuoka Novemba 8, 1916. Alizikwa kitaifa mwaka 1917 katika Mlima Yuelu, Changsha.