Jonathan Postel, Mlezi wa Itifaki za Intaneti

Mwanafunzi wa Kitale amwandikiapo barua pepe mwenzake wa Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, ujumbe hukatwa vipande, kila kipande kikibeba nambari ya kiendako. Itifaki hizo, ambazo wanagenzi wa somo la mitandao ya tarakilishi hufunzwa mapema, zilichapishwa Septemba 1981 chini ya uhariri wa Jonathan Postel.

Alizaliwa California, Marekani, tarehe 6 Agosti 1943. Kwa miaka mingi alitunza daftari la nambari na majina ya intaneti, kwa kuaminiwa zaidi kuliko kwa sheria. Swali zito likazuka: nani aamue ipi ni nchi na ipi siyo? Postel alikataa uhakimu huo, akafuata orodha ya misimbo ya ISO. Hekima hii, kwa maoni yetu, yazipita hati zake zote. Kwa orodha hiyo Kenya ilipata .ke mwaka 1993, na ndiyo inayohitimisha anwani ya Kibabii.

Januari 1998 aliziomba seva kuu zifuate daftari lake badala ya lile lililosimamiwa kwa mkataba na serikali ya Marekani. Serikali ikamtaka arudishe mambo yalivyokuwa. Alifariki Los Angeles tarehe 16 Oktoba mwaka uo huo, ICANN, shirika lililoundwa kurithi kazi yake, likiwa halijatimiza mwezi.