Padri Samuel Fritz na Ramani ya Mto Amazon

Padri Samuel Fritz alizaliwa mwaka 1654 katika nchi ya Bohemia, huko Ulaya. Aliingia Shirika la Yesu mwaka 1673, na baadaye akatumwa Amerika ya Kusini, kwa Waomagua, watu waliokaa visiwani katika mto Amazon. Mto huo wapita hata mto Kongo kwa wingi wa maji. Kila mwaka hufurika na kufunika misitu. Njia ilikuwa moja tu, nayo ni mtumbwi.

Mwaka 1689, alipokuwa kwa Wayurimagua, homa ikamshika, na mwili ukavimba. Maji yakapanda hata nyumbani mwake. Karibu miezi mitatu alilala juu ya ulingo wa maganda ya miti, mamba wakiogelea chini yake, na panya wakila chakula chake. Ikambidi ashuke mto hata Pará, mji wa Wareno karibu na bahari, apate kutibiwa.

Akapona, lakini Wareno hawakumwacha arudi. Wao na Wahispania waligombania mto ule, naye akadhaniwa kuwa mpelelezi. Alizuiliwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, hata mfalme wa Ureno alipoamuru afunguliwe, mwaka 1691.

Katika safari hiyo ndefu alichora mto wote. Chombo chake kilikuwa nusu duara ndogo ya mti. Kwacho alipima urefu wa jua angani, apate kujua amefika wapi upande wa kaskazini au kusini. Kwa mashariki na magharibi hutakiwa saa nzuri na darubini, naye hakuwa nazo. Ndipo ramani yake ilipokosea, wala si ajabu, kwa mgonjwa ndani ya mtumbwi.

Mwaka 1692 alivuka milima mpaka Lima, akamsihi mtawala Mhispania awakinge watu wake na Wareno waliowakamata kuwa watumwa. Msaada aliopata ulikuwa haba. Ramani ikachapwa Quito mwaka 1707. Lakini karibu na mwaka 1710 vijiji vingi vilivunjwa, na watu wakakimbilia juu ya mto. Padri Fritz akafa Jeberos mwaka 1725.

Mwaka 1743 Mfaransa La Condamine alishuka mto uleule kwa vyombo bora. Katika ramani yake mpya alionyesha kwa nukta mto kama Padri Fritz alivyouchora, na ile ya kale akaipeleka Paris, katika maktaba ya mfalme.