Selim Bey: Kamanda wa Wanubi ambaye hakuiona Kibera

SELIM Bey alifariki Naivasha mwaka wa 1893, akiwa mfungwa wa Waingereza aliowatumikia. Kutoka hapo hadi Makina, mtaani Kibera, ni safari isiyofika kilomita 100, lakini kamanda huyo hakuwahi kukanyaga ardhi hiyo. Jiji la Nairobi lenyewe lilikuwa bado halijaanzishwa.

Hata hivyo, ni vigumu kusimulia asili ya Wanubi wa Makina bila kumtaja. Baadhi ya mababu zao walikuwa askari na jamaa waliomfuata kutoka mwambao wa Ziwa Albert, wakaingia katika utumishi wa Uingereza kwa sababu yeye alikubali.

Bey ni cheo cha heshima kilichotolewa na watawala wa Misri. Selim alikuwa afisa Msudani katika jeshi la Misri lililolinda mkoa wa Equatoria, eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Kuanzia mwaka wa 1878, gavana wa mkoa huo alikuwa Emin Pasha, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyeajiriwa na Misri.

Mambo yaliharibika wafuasi wa Mahdi walipouteka mji wa Khartoum mnamo Januari 1885. Equatoria ikakatwa na ulimwengu. Askari wakabaki bila mishahara wala maagizo kutoka Cairo, huku silaha zikipungua. Mnamo 1888 baadhi ya maafisa waliasi na kumzuilia Emin katika ngome ya Dufile, kando ya Mto Nile.

Ni wakati huo ambapo nyota ya Selim iling'aa. Wapiganaji wa Mahdi walipoishambulia Dufile mwishoni mwa mwaka huo, yeye ndiye aliyewaongoza askari kuwarudisha nyuma.

Msafiri Henry Morton Stanley, aliyekuwa amefika kumwokoa Emin, alipanga kuondoka kuelekea pwani mnamo Aprili 1889. Selim aliomba apewe muda zaidi ili awakusanye watu wake, wakiwemo wanawake na watoto waliotawanyika katika vituo mbalimbali. Stanley hakusubiri. Msafara uling'oa nanga, naye Selim akaachwa nyuma na maelfu ya watu waliomtegemea.

Aliweka kambi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, bendera ya Misri ikiendelea kupepea. Nguo zao zilipochakaa walifuma nyingine kwa pamba waliyolima wenyewe. Emin aliporejea mwaka wa 1891, safari hii akiwatumikia Wajerumani, alimwomba Selim ajiunge naye. Selim alikataa, akishikilia kuwa bwana wake ni Khedive, mtawala wa Misri.

Miezi michache baadaye alifika Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Imperial British East Africa, aliyekuwa akitafuta askari wa kuimarisha utawala wa kampuni hiyo nchini Uganda. Selim hakukubali papo hapo. Alitaka Khedive aombwe idhini kwanza, na Lugard akaahidi kuandika barua Misri. Ni kwa masharti hayo ambapo msafara wa askari wapatao 600 na jamaa zao, jumla ya watu wanaokadiriwa kuwa 8,000, uliondoka Kavalli.

Kundi hilo halikuwa la kabila moja. Mlikuwa na watu wa jamii nyingi za Sudan na za maeneo ya Ziwa Albert, waliounganishwa na jeshi, dini ya Kiislamu na Kiarabu cha kambini. Wengi waliachwa katika ngome za Toro ili kumzuia Mfalme Kabarega wa Bunyoro.

Mnamo 1893 Sir Gerald Portal, mjumbe wa serikali ya Uingereza, aliagiza Selim na sehemu ya askari wake wahamishiwe Buganda. Huko walikuta uhasama mkali baina ya Waprotestanti, Wakatoliki na Waislamu. Mwezi Juni, Waislamu wa Buganda walipovutana na serikali, Selim alionya kwamba kumdhuru kiongozi wao, Mwanamfalme Mbogo, kungekuwa sawa na kumchokoza yeye.

Kapteni James Macdonald, aliyekuwa akishikilia usukani baada ya Portal kuondoka, alilichukulia onyo hilo kuwa uasi. Askari Wasudani waliokuwa Kampala walipokonywa silaha, na Selim akakamatwa Entebbe, akahukumiwa na kuamriwa apelekwe pwani. Alikuwa tayari mgonjwa. Safari yake iliishia Naivasha.

Askari wake walibaki kazini. Mnamo 1895 waliingizwa katika kikosi cha Uganda Rifles, na mnamo 1897 baadhi yao waliasi wakilalamikia ujira duni na safari zisizokwisha. Vikosi vilipounganishwa mwaka wa 1902 kuunda King's African Rifles, Wasudani walikuwemo, pamoja na wenzao walioajiriwa moja kwa moja kutoka Misri.

Ni askari hao waliopewa makao katika msitu uliokuwa kusini magharibi mwa mji mchanga wa Nairobi. Waliuita Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Ardhi hiyo, yenye ukubwa wa zaidi ya ekari 4,000, ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi mwaka wa 1918.

Majina ya vijiji yalihifadhi kumbukumbu ya walikotoka. Kambi Muru inawakumbusha Wamoru wa Sudan Kusini, nayo Kambi Lendu inawakumbusha Walendu wanaoishi magharibi mwa Ziwa Albert, pande zile zile Selim alikopiga kambi.

Katika Makina na vijiji jirani, maisha ya enzi ya ukoloni yalichukua sura yake. Familia zilijenga nyumba zenye nafasi, zikalima mahindi na mboga na kufuga mifugo. Wanawake walivaa gurbaba, walipika gurusa na kusuka tabaga, vifuniko vya chakula vyenye rangi nyingi. Harusi ilitikiswa na ngoma ya doluka. Nyumbani kilizungumzwa Kinubi, ambamo neno moyo lina maana ya maji.

Hata hivyo, serikali ya kikoloni haikuwapa hati za kumiliki ardhi. Mnamo 1928 Kibera iliondolewa mikononi mwa jeshi na kuwekwa chini ya utawala wa kiraia, na maafisa walianza kuwaona wakazi wake kama kero, hasa kwa sababu ya pombe kali iliyopikwa huko. Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka ya 1932 na 1933, chini ya Sir Morris Carter, ilishikilia kuwa walikuwa wapangaji tu, wanaokaa kwa hiari ya serikali.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, suala hilo halikuwa limetatuliwa. Kwa miaka mingi vijana Wanubi walihojiwa na kamati maalumu kabla ya kupewa vitambulisho. Mnamo Machi 2011 kamati ya wataalamu wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za watoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi. Hatimaye mnamo Juni 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288, sehemu ndogo mno ya eneo la awali.

Wapo wanaomlaumu Selim kwa kuwaingiza watu wake katika vita vya wakoloni, na lawama hizo zina uzito. Askari hao walitumiwa dhidi ya Waafrika wenzao. Lakini tusisahau kuwa pale Kavalli hakuwa tayari kusonga kabla ya kuahidiwa kwamba idhini ya Khedive ingeombwa. Alijua kwamba mtumishi asiye na ruhusa ya maandishi hana pa kusimama. Waliotulia Kibera walisonga kwanza, na vizazi vyao vikaingoja hati hadi 2017.