Ibn Battuta na Soko la Khawarizmi

Abu Abdillahi Muhammad bin Abdillahi, ajulikanaye kwa jina la Ibn Battuta, alizaliwa Tanja, nchi ya Maghribi, tarehe 17 Rajabu mwaka 703 wa Hijra, nao ni 1304 wa Masihi. Mwaka 725 (1325) akatoka kwao peke yake kwa nia ya kuhiji, asirudi Maghribi ila baada ya miaka 24.

Watu wa Mrima humtaja kwa ile safari ya mwaka 1331, alipofika Mogadishu na Mombasa, kisha chombo kikampitisha mbele ya pwani hii ya Saadani na Kaole hata Kilwa, kwa Sultani Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake. Lakini liko soko la bara, mbali kaskazini, lisilotajwa sana, nalo lafaa lijulikane.

Mji wa Khawarizmi, uitwao pia Urganji, ulivunjwa na majeshi ya Chingiz Khan mwaka 1221. Ibn Battuta alipoufikia, baada ya siku 30 za jangwa, magari yakikokotwa na ngamia, aliukuta umejengwa tena, na kizazi cha wale walioubomoa kimekwisha kusilimu. Sultani wao alikuwa Uzbek Khan.

Siku moja akapanda farasi, akaingia sokoni. Alipofika katikati, msongamano ukamziba: mbele hakupitiki, nyuma hakurudiki, naye juu ya farasi wake hajui la kufanya, hata akajinasua kwa taabu kubwa. Akaambiwa ya kuwa siku ya Ijumaa watu hupungua, kwani soko la kaisaria na masoko mengine hufungwa. Basi akangoja Ijumaa, akapanda tena, akafika msikiti wa jamii na madrasa bila ya kizuizi. Aijuaye biashara atalipima jambo hili: mji ulioishi kwa misafara ukaiacha faida ya Ijumaa.

Wala haikuwa hiari tupu. Waadhini walizunguka majumbani kuwaita jirani wa msikiti, na aliyekosa jamaa alipigwa na imamu mbele ya watu. Kila msikiti ulikuwa na mjeledi uliotundikwa kwa kazi hiyo, na faini ya dinari 5, ya kutengenezea msikiti au kulisha maskini. Yeye aliisifu ada hiyo, ingawa hakuiona mji mwingine wowote.

Na matikiti yao! Ganda la kijani, nyama nyekundu, tamu mno. Yakikatwa vipande, yakianikwa juani, yakitiwa makandani kama tini, yakichukuliwa hata Bara Hindi na Uchina. Alipokaa Dehli, kila aliposikia wasafiri wamewasili alituma mtu kumnunulia. Na Sultani wa huko, kwa kuijua tamaa yake, akiletewa humpelekea sehemu.

Kutoka Khawarizmi alikwenda Bukhara, akakuta misikiti, madrasa na masoko yake ni magofu isipokuwa machache, kwa vita vile vile vya Chingiz. Alipokwisha kurejea kwao, kwa amri ya Sultani Abu Inan, alimsimulia Ibn Juzayy safari zake zote, na kitabu kikatimia mwaka 756 (1355). Akafariki zamani za amani ya soko lile. Mwaka 1388 Timur akaubomoa Khawarizmi, na wanahistoria wasema mahali pake pakapandwa shayiri.