David Lean: mutu wa makasi aliyejaza ekra pana

Siku hizi mutu akinunua televizyo kubwa ya ukutani pamoja na bafle zake, kitu cha kwanza anafanya ni kuita majirani waje kuona. Halafu kunakuja ulizo: tuweke diski gani? Wengi wanakimbilia filme za mabomu na magari yenye kulipuka, juu sauti yake inatikisa madirisha. Lakini ukiuliza watu wenye kujua picha, filme moja inarudi kila mara katika majibu yao: Lawrence of Arabia, ya mwaka 1962. Ndani yake kuko pahali ambapo unaona jangwa tupu, na mbali kabisa doa dogo jeusi linatetemeka. Doa linakua polepole, linakuwa mutu juu ya ngamia. Hakuna bomu, hakuna muziki. Na ekra yote imejaa.

Aliyetengeneza filme ile aliitwa David Lean, Mwingereza. Leo tunaeleza maisha yake.

Alizaliwa tarehe 25 Machi 1908 kule Croydon, kusini ya London. Wazazi wake walikuwa Waquaker, Wakristo wenye kupenda ukimya na maisha ya kujinyima, na nyumbani kwao kwenda sinema kulikatazwa. Mambo ya sinema mutoto David aliyapata kwanza kwa kusimuliwa: mama aliyekuja kufanya usafi nyumbani alikuwa anamweleza filme za Charlie Chaplin, tena anaziigiza kwa mikono na miguu katika jikoni. Akiwa na miaka 10, mumoja wa ndugu za wazazi wake alimupa kamera ndogo ya Kodak Brownie. Ni ile kamera njo ilimufungua macho.

Masomo yalimushinda. Mudogo wake Edward njo alihesabiwa kuwa kichwa cha nyumba, na sisi watu wa redio tuna haki ya kumutaja pia: Edward alifika kuwa kati ya wakubwa wa matangazo ya BBC kwa nchi za nje, na BBC ile ilianza kusema Kiswahili mwaka 1957. Baba yao aliacha mama yao wakati David alikuwa bado kijana, na kidonda kile hakikupona vizuri. Kijana aliwekwa katika ofisi ya baba yake ajifunze kuhesabu feza za watu. Alichoka haraka. Shangazi yake akamupa shauri atafute kazi ambayo roho yake inapenda, na mwaka 1927 akaenda kugonga mulango wa studio ya Gaumont. Walimupokea kwa majaribio: kupeleka chai, kubeba vitu, kupiga kibao mbele ya kamera.

Kutoka pale akaingia katika chumba cha montaji. Zamani zile filme ilikuwa pelikule, utepe murefu unaoshikwa mukononi, na mutu wa montaji alikuwa anaukata kwa makasi na kuunganisha vipande. Kukata mapema kidogo, mutazamaji hakuelewa. Kukata kwa kuchelewa, anapiga miayo. Lean alikata habari za juma, kisha akakata filme kubwa kama Pygmalion (1938), mupaka akahesabiwa kati ya wakataji bora wa Uingereza. Mushike neno hili, juu tutarudilia makasi.

Mwaka 1942, wakati wa vita, Noël Coward alimuita waongoze pamoja filme ya mabaharia. Kisha akaongoza peke yake: Brief Encounter (1945), Great Expectations (1946), Oliver Twist (1948). Hizi zote ni nyeusi na nyeupe, na picha yake inakaribia mraba. Mukiweka diski yake ku televizyo ya sasa, mutaona weusi kuume na kushoto. Muache vile vile. Kuna watu wanabonyeza telekomande ili picha ivutike ijaze ekra, na wachezaji wote wanakuwa wanene kama magunia ya muhogo.

Katika miaka ya 1950, televizyo ilianza kubakiza Wamarekani na Waingereza nyumbani jioni. Wenye sinema wakatafuta kitu ambacho kasanduku ka nyumbani hakawezi kutoa, wakapanua picha. CinemaScope ilitoka mwaka 1953, na picha ikawa zaidi ya mara mbili ya urefu wake kwa upana. Waongozaji wengi hawakujua wafanye nini na nafasi ile yote. Waliweka watu katikati na pembeni wakajaza mapazia na viti. Lean alienda Ceylon, inchi tunayoita leo Sri Lanka, akajenga daraja la kweli la miti juu ya muto, akalilipua pamoja na treni. Ile njo The Bridge on the River Kwai (1957). Ilipata Oscar 7, pamoja na ya mwongozaji bora.

Kisha akaingia jangwani. Lawrence of Arabia ni habari ya ofisa Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu juu ya Waturuki katika vita ya kwanza ya dunia. Lean na watu wake walifanya kazi Jordan, Uhispania na Maroko. Kamera zao zilitumia pelikule karibu mara mbili ya upana wa ile ya kawaida, kwa hiyo hata punje za muchanga zinaonekana. Kwa lile doa la ngamia, mupiga picha Freddie Young alileta lensi ndefu ya pekee, na mwenye kupanda ngamia ni Omar Sharif, Mumisri ambaye dunia ilikuwa haijamujua bado. Mufaransa Maurice Jarre aliandika muziki. Mukitaka kujaribu bafle zenu, muanzie pale, kabla hata picha haijatokea.

Nguvu ya Lean ilikuwa kuacha upana mutupu. Anaweka mutu mudogo pembeni kabisa, na sehemu ingine yote ni muchanga na mbingu, mupaka wewe mutazamaji unasikia kiu. Ama anaweka watu wawili, mumoja kuume mwisho, mwingine kushoto mwisho, na ule utupu wa katikati njo ugomvi wao. Na mukono wa montaji ulibaki: Lawrence anazima kiberiti kwa kupuliza, na mara moja jua linapanda jangwani. Anne Coates ndiye alishika makasi ya filme ile, lakini Lean alikaa karibu naye.

Si kila kitu ni cha kusifu. Mwana wa mufalme wa Waarabu anachezwa na Mwingereza, Alec Guinness, na chifu mukubwa anachezwa na Anthony Quinn, aliyezaliwa Mexico, pua yake ikiongezwa kwa ufundi. Na kwa zaidi ya saa 3 na nusu hakuna mwanamuke anayesema hata neno. Watazamaji wa kwetu, wenye kujua namna Wazungu wanapenda kujisimulia katika inchi za wengine, wataona mambo haya bila kufundishwa.

Filme ilionyeshwa mara ya kwanza London tarehe 10 Desemba 1962, mbele ya Malkia, ikiwa na dakika 222. Ikapata Oscar 7 tena. Lakini juma chache tu nyuma ya siku ile, kama dakika 20 ziliondolewa, juu filme ndefu inapunguza idadi ya maonyesho kwa siku. Kama miaka 8 kisha, ikakatwa tena mupaka dakika 187. Mutu aliyelelewa na makasi, makasi yakamurudilia.

Na kulikuwa kukata kwingine ambako watu hawakukuona. Filme ilipoingia ku televizyo za zamani na ku kasete, picha ilikatwa pembeni ili ijaze ekra ya karibu mraba. Ukipiga hesabu, karibu sehemu 4 kati ya 10 za picha zilipotea. Wale watu wawili wa kuume na kushoto? Unaona mumoja anasemesha hewa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mumarekani Robert Harris alianza kutafuta vipande vilivyotupwa. Alivipata, lakini vingine havikuwa na sauti. Basi wachezaji, sasa wazee, waliitwa kurudi kusema maneno yao ya ujana, na mashine zikapunguza uzee katika sauti zao. Jack Hawkins alikuwa amekwisha kufa. Mutu mwingine alisema kwa pahali pake. Lean mwenyewe, karibu na miaka 81, akakaa tena mbele ya pelikule, akapunguza dakika chache alizoona kuwa za bure. Filme ikarudi ku sinema mwaka 1989. Ile njo iko ku diski nzuri za leo. Kwa hiyo sokoni mugeuze kasha: mukiona dakika 187, ama maneno plein écran, murudishe. Na ku televizyo pana, mistari mieusi juu na chini si ubovu. Inachukua karibu sehemu moja ya tano ya ekra, na ni bei ya kuona picha nzima.

Doctor Zhivago (1965) ilimupa feza mingi; teluji mingi ya filme ile ilitengenezwa Uhispania. Ryan's Daughter (1970) ilimupa maumivu. Wachambuzi wa New York walimuita mezani na kumushambulia uso kwa uso, na mwenyewe akapoteza moyo. Miaka 14 ikapita bila filme ingine ya sinema, mupaka A Passage to India mwaka 1984, mwaka ambao Malkia alimupa cheo cha Sir. Nyumbani hakutulia zaidi: alioa mara 6.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kutayarisha Nostromo, kitabu cha Joseph Conrad, ule ule aliyepanda Muto Congo kwa mashua mwaka 1890. Wachezaji walikuwa wanachaguliwa, michoro ya pahali ilikuwa tayari. David Lean alikufa London tarehe 16 Aprili 1991 kwa kansere ya koo, juma chache mbele ya kamera kuanza. Filme ile hakuna aliyeitengeneza kwa pahali pake.